Pedali Zisubiri, Amplifaya Kwanza

Wiki mbili zilizopita karatasi moja ilizungushwa kwenye mazoezi ya klabu yetu ya muziki. Ni orodha ya vitu ambavyo kamati inapendekeza vinunuliwe kwa michango ya mwaka huu, pamoja na kile kidogo tulichokusanya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Upande wa besi kulikuwa na mistari mitatu: pedali ya efekti nyingi, pedali ya ovadraivu na pedali ya korasi. Amplifaya ya besi haikuwepo. Nilipouliza, nikajibiwa, "Spika za ukumbi si zipo?" Watu wakacheka kidogo, tukaendelea na wimbo.

Mimi sikucheka. Orodha ile naijua, kwa sababu niliwahi kuinunua mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza, kwa hela ya bumu, nikaishi muhula mzima nikijidanganya. Kwa hiyo kabla hatujapiga kura mwisho wa mwezi, naomba niseme ninachokiamini. Anayeanza besi anahitaji amplifaya ndogo ya mazoezi itakayomwambia ukweli, na pedali zikae pembeni mpaka vidole vijue kazi yao. Sisemi pedali ni mbaya. Nasema zina zamu yao, na zamu hiyo siyo ya kwanza.

Besi yangu ilikuwa mtumba, nyuzi nne, niliinunua kwa kaka mmoja aliyekuwa anamaliza chuo. Hela iliyobaki ilitosha kitu kimoja kati ya viwili: amplifaya ndogo au pedali ya efekti nyingi. Nikawaza kama anavyowaza mtu yeyote wa miaka kumi na tisa. Amplifaya ni boksi jeusi, linatoa sauti, basi. Pedali ina taa, ina kioo, ina sauti kibao ndani yake. Na pa kutolea sauti? Si kuna sabufa chumbani! Nani hapa hosteli hajui sabufa? Nikachomeka besi kwenye pedali, pedali kwenye sabufa, nikaminya kitufe. Dirisha likatetemeka. Mwenzangu wa chumba akasema, "Aisee!" Nikaona nimeshakuwa mpiga besi.

Muhula uliofuata nikajiunga na kwaya moja iliyokuwa inatafuta mtu wa besi. Mpiga besi wao wa zamani, mzee mmoja mstaafu, alikuja kunipokea. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akaniangalia ninavyopanga pedali yangu sakafuni kama fundi anayepanga zana. Akasema, "Kijana wangu, hebu kwanza chomeka moja kwa moja." Alikuwa na amplifaya ndogo ya besi, imechakaa, kitambaa cha mbele kimechanika. Nikapiga ule wimbo niliokuwa nauona nimeuiva.

Jamani. Nyuzi ambazo sikuzigusa zilikuwa zinalia. Noti moja ilitoka kubwa, inayofuata ndogo. Kidole cha kushoto kilikuwa kinaachia kabla ya muda, kwa hiyo kila noti ilikufa kama mtu aliyekatishwa katikati ya sentensi. Yule mzee hakunicheka. Akaniambia tu, "Sasa umejisikia. Tuanze hapo." Nilirudi hosteli nimenyong'onyea, lakini siku hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa siku niliyoanza kujifunza besi.

Sasa tuelewane kwa nini sabufa na pedali vilinidanganya, maana siyo uchawi. Sabufa imetengenezwa kwa ajili ya nyimbo ambazo tayari zimesawazishwa studio. Sauti za chini, hasa za eneo fulani dogo, zimepandishwa makusudi ili muziki upige kifuani hata kama spika ni ya bei rahisi. Ukipitisha besi humo, noti zinazoangukia eneo hilo zinavimba, zilizo nje zinafifia, na zote zinatoka na mlio mmoja wa "bum". Huwezi kujua kama umepiga so au la. Unasikia mtikisiko tu, na mtikisiko unapendeza hata ukikosea.

Halafu kuna suala la tundu la kuchomekea. Besi ya kawaida isiyo na betri inatoa umeme mdogo sana kutoka kwenye sumaku zake, na inataka kifaa chenye ukinzani mkubwa, kwa kawaida kama omu milioni moja. Tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu au deki, ukinzani wake ni mdogo kuliko huo mara nyingi tu. Ukichomeka besi moja kwa moja, sauti inakuwa hafifu na imefunikwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia pedali. Kiukweli hatuhitaji efekti; tunachokipenda ni kwamba pedali inalipokea gitaa vizuri na kuipandisha sauti yake, kazi ambayo amplifaya ingeifanya tangu mwanzo. Na ukiipandisha sana, uzi mmoja uliopigwa kwa nguvu unaweza kuiua spika ambayo haikutengenezwa kwa kishindo hicho. Sabufa ya mwenzangu wa chumba ilikufa wiki ya mitihani. Nilimlipa kwa awamu tatu.

Kuna watakaosema, "Lakini amplifaya ndogo haina besi." Hili nalo tulitazame. Uzi mnene kabisa, ule wa E, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Ni kweli spika ya inchi 8 haiwezi kuusukuma mtetemo huo kwa nguvu. Lakini uzi hautoi mtetemo mmoja peke yake. Unatoa pia wa 82, wa 123, na kuendelea juu, na sikio likiisikia hiyo familia linaijaza lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo kwenye amplifaya ndogo ya besi utasikia noti kamili, utajua ni noti gani, imeanza saa ngapi na imeisha saa ngapi. Kifua hakitatikisika. Kwa anayejifunza, hiyo ni faida.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo mtanivumilia nikiliangalia jambo hili kwa jicho la darasani. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilikuwa na mwanafunzi ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, majibu yote sahihi. Nilimwekea vema kila ukurasa. Siku ya jaribio akapata mbili kati ya ishirini. Alikuwa ananakili, na mimi nilikuwa nasahihisha kazi ya mtu mwingine. Zile vema zangu zote hazikumsaidia chochote. Zilimzuia kujua asichokijua. Mrejesho wenye manufaa ni ule unaokuja mapema na unaoonyesha kosa lilipo. Amplifaya isiyo na mbwembwe inafanya hivyo kila sekunde. Pedali, kwa anayeanza, ni lile daftari safi.

Tuchukue kompresa, ambayo wapiga besi wengi wanaipenda, na wana haki. Kazi yake ni kupunguza noti zilizozidi, na ukiipandisha sauti baada ya hapo, zile ndogo zinasogea juu, zote zikatoka karibu sawa. Ni kifaa kizuri sana mikononi mwa mtu ambaye tayari anajua kupiga sawa. Kwa anayeanza, ndiyo kwanza inamfichia kwamba kidole cha kati kina nguvu kuliko cha shahada. Ovadraivu na fazi zinachafua sauti kwa utamu, na ndani ya uchafu huo hakuna anayesikia kama noti imekatika vibaya. Tena nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo zinakula sauti za chini, kwa hiyo unazidi kusikika kwenye chumba na unapotea kabisa bendi ikianza kupiga. Ndiyo maana zilizotengenezwa kwa besi mara nyingi huwa na kitufe cha kuchanganya sauti safi na ile iliyochafuliwa. Korasi inaitandaza noti ikawa pana na ya kuelea. Tamu kwenye wimbo wa taratibu, lakini inalainisha ule mwanzo wa noti ambao mpiga dramu anautegemea.

Pedali moja isiyobembeleza ni ya okteva, ile inayoongeza noti ya chini zaidi. Nyingi kati ya hizi, hasa za aina ya zamani, zinataka noti moja safi kwa wakati mmoja. Ukiacha uzi mwingine unalia pembeni, inachanganyikiwa, inakwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Kwa hiyo hata hiyo inakurudisha palepale: jifunze kuzima nyuzi kwanza.

Na tusifikiri kwamba ufundi mkubwa ulijengwa kwa pedali. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia Fender Precision ya 1962, akapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na mara nyingi studio walimchomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Basi. Kidole kimoja na waya mmoja. Tukirudi nyumbani, tafuta rekodi za zamani za Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Magitaa yanajibizana juu, tarumbeta zinaingia na kutoka, lakini ukiifuata besi peke yake mwanzo mpaka mwisho unakuta kuna wimbo mwingine mzima unaendelea pale chini. Unakaa kimya pale inapotakiwa, unaingia pale ambapo hukutegemea. Kukaa kimya huko hakuna pedali inayokuuzia.

Haya, mtu akiniuliza, "Sasa ninunue nini?" namjibu hivi.

Tafuta amplifaya iliyoandikwa kuwa ni ya besi. Ya gitaa la kawaida inafaa kwa sauti ya chini kabisa, lakini ukiipandisha unaiumiza spika yake. Kwa chumbani, wati 15 mpaka 25 zinatosha, na majirani watakushukuru. Usibabaishwe na muuzaji anayekwambia wati 50 ni sauti mara mbili ya 25. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini halishtuki. Ukija kupiga na dramu ndipo utahitaji kubwa, kuanzia wati mia na zaidi, au utapitishwa kwenye spika za ukumbi. Hilo ni la baadaye.

Hakikisha ina matundu mawili muhimu: la hedfoni, ili upige saa tano usiku bila kugombana na mtu, na la kuingizia muziki kutoka kwenye simu, ili upige pamoja na wimbo. Fender Rumble 25 na Ampeg BA-108, kwa mfano, zote zina spika ya inchi 8 na matundu hayo. Sizitangazi, nazitaja ili ujue umbo la kitu unachokitafuta. Kama hata hiyo ni ghali, kuna vile vidude vidogo vinavyochomekwa kwenye gitaa lenyewe, kama amPlug ya besi kutoka Vox, unavaa hedfoni na unapiga. Vinatumia betri ndogo, na umeme ukikatika wewe unaendelea.

Ukifika dukani usione aibu kujaribu. Piga uzi wa E ukiwa wazi, taratibu, sauti ikiwa nusu, kisha tega sikio: kuna kinachokwaruza? Kuna kinachogonga ndani ya boksi? Panda noti moja moja kwenye uzi wa A na usikilize kama kuna inayoruka ghafla au kupotea. Zungusha kila kitufe. Kikitoa "kwaruu", kina vumbi, na bei ishuke. Kama ni mtumba, geuza nyuma usome volti kabla hujachomeka. Vya soko la Marekani huwa vya volti 120, vya Japani 100, na ukutani kwetu ni 230. Ukikosea hapo hutapata nafasi ya pili.

Kifaa cha pili cha kununua ni tyuna. Programu ya bure kwenye simu inatosha chumbani. Kwenye kelele, chukua ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa, inayosoma mtetemo wa mbao badala ya sauti ya hewani. Kama kuna pedali ambayo naikubali tangu siku ya kwanza, ni pedali ya tyuna tu, kwa sababu yenyewe haiongezi kitu kwenye sauti yako. Na siku ukianza kununua nyingine, soma vizuri chini ya maandishi ya volti 9. Nyingi zinataka hasi iwe katikati ya plagi. Ukichomeka chaja ya aina nyingine kwa sababu tu imeingia, unaweza kuiunguza.

Najua kuna hoja za upande wa pili, na siyo za kitoto. Ya kwanza ni furaha. Rafiki yangu mmoja kwenye kamati aliniambia, "Mwanangu, watu wanaacha besi kwa sababu inachosha. Pedali inawafanya warudi kesho." Ana hoja. Darasani tunajifunza kwamba mtu asiyefurahi hajifunzi. Lakini furaha ya pedali kwa anayeanza ni ya siku tatu. Baada ya hapo umeshazunguka sauti zote na bado hujui kupiga wimbo mmoja. Furaha inayodumu niliipata siku nilipochomeka simu kwenye amplifaya, nikapiga wimbo mzima wa dansi na mpiga dramu wa kwenye rekodi, nikasikia tumekanyaga pamoja. Hiyo hata sasa sijaizoea.

Ya pili ni zile spika za ukumbi. Ni kweli zipo. Zipo Jumanne na Alhamisi, mwenye ufunguo akiwepo, na watu kumi na tano wakiwa wanapiga kwa wakati mmoja. Hapo hakuna anayejifunza; hapo tunaonyesha tulichojifunza kwingine. Na huyo "kwingine" ndiye anayekosekana kwa wenzetu ambao hawana hela ya kuwa na amplifaya chumbani. Nimeona wawili wakiacha mwaka huu. Hawakusema wameacha, walipungua tu kuja. Mmoja aliniambia anaona aibu kukosea mbele ya watu, na hana pengine pa kukosea. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mtu anahitaji mahali pa kukosea peke yake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Klabu ina besi mbili na wanaoanza sita. Tufute pedali zote tatu kwenye orodha. Badala yake tununue amplifaya mbili ndogo za mazoezi, hedfoni mbili, tyuna mbili za kubana na waya mmoja wa akiba. Kila seti, yaani besi na amplifaya yake, ihudumie watu watatu, kila mmoja akae nayo siku mbili, Jumapili irudi kukaguliwa. Kuwe na daftari la kusaini kuchukua na kurudisha, na anayeharibu atengeneze. Siku za mazoezi ukumbini, mwenye zamu aje na besi. Mwakani, wale sita wakiwa wanapiga noti safi, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono tununue kompresa.

Ile pedali yangu bado ninayo. Ilikaa chini ya kitanda karibu mwaka mzima. Siku hizi naitumia kwenye wimbo mmoja tu wa kwaya, ile okteva, mistari minne ya mwisho, halafu naizima. Yule mzee aliisikia akatikisa kichwa kukubali, na kwa mzee yule hiyo ni pongezi kubwa.

Kura ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya mazoezi. Karatasi ya orodha iko kwa katibu, na kalamu nitakuja nayo mimi.